Kiti cha Ngozi, Jua Kali na Mwenye Kulaumiwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa shule yetu, siku ya mkutano wa mwaka.)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mliokaa mistari ya nyuma mkisubiri tumalize ili mpate wali:

Katibu aliponiandikia aliniomba nichague jambo lolote ninalolijua vizuri kutokana na kazi yangu. Nilifikiri sana. Waliosimama hapa miaka iliyopita walizungumza juu ya sheria, juu ya uchumi wa nchi, na mmoja wao juu ya moyo wa binadamu na namna unavyopasuliwa. Mimi ni afisa utawala. Chuo Kikuu nilisoma mambo makubwa, lakini kazi niliyopewa baada ya hapo ni majalada, samani na magari ya ofisi. Basi nimeona heri niseme ninalolijua, hata likiwa dogo: namna viti vya ngozi vya gari vinavyoharibiwa na jua, na namna ya kuvilinda.

Naona wengine wanatazamana. Mnajiuliza kama nimetoka Dodoma hadi hapa kuja kuzungumzia viti. Ndiyo, na naomba mnivumilie, kwa sababu mara mbili maishani mwangu kiti cha ngozi kimenifanya nione aibu. Mara ya kwanza ilikuwa papa hapa shuleni. Mara ya pili kilikaribia kumnyang'anya mtu mzima mshahara wake.

Nianze na ya kwanza. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa na Peugeot kuukuu aliyoinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao. Wenzangu wa miaka ile mnaikumbuka. Ilikuwa nyeupe, ikinguruma kama mashine ya kusaga, lakini ndani ilikuwa na viti vya ngozi ya kahawia ambavyo hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa navyo. Jumamosi moja Mwalimu alituita watu wawili, mimi na mwenzangu wa bweni, akatuambia tuoshe gari lile nje na ndani. Mwenzangu huyo sasa ni daktari wa mifugo, yumo humu ukumbini, na ameniruhusu kumtaja madhali sitamtaja jina.

Tulipomaliza nje tuliona viti vimepauka kwa vumbi. Tukasema: kiatu ni ngozi na kiti ni ngozi, na kiatu hung'arishwa kwa dawa ya viatu. Tukaenda bwenini tukakusanya vikopo vya dawa ya kahawia, na kwa kuwa haikutosha, tukaichanganya na mafuta ya taa iwe nyepesi. Tukapaka, tukasugua, viti vikang'aa hata ukiinama unajiona. Kisha tukaliacha gari juani na milango imefungwa, ili dawa "ishike". Jumapili asubuhi Mwalimu akavaa suruali yake nyeupe akaendesha gari hadi kanisani. (Kicheko.) Waliokaa nyuma yake wakati wa kusimama ndio wanaojua walichokiona.

Lakini suruali haikuwa hasara kubwa. Baada ya majuma machache rangi ya kiti cha dereva ilianza kubanduka kama maganda ya kitunguu, na kilipofika kiangazi nyufa zilikuwa zimefunguka toka mshono mpaka mshono. Mwalimu hakusema neno. Sisi nasi hatukusema neno. Alitandika kipande cha blanketi akaendelea na safari zake. Kila nilipoliona blanketi lile moyo uliniuma, lakini haukuniuma kiasi cha kunifanya niseme.

Leo najua tulichokifanya, na kwa faida ya vijana wanaosoma sayansi nitaeleza.

Ngozi ya ng'ombe ni mkeka wa nyuzi. Nyuzi hizo ni za protini iitwayo kolajeni, nazo zimesukwa juu na chini, huku na huku, ndiyo maana ngozi ni imara hata ukiivuta upande wowote. Ng'ombe akiwa hai, ngozi yake hujitunza yenyewe: ina tezi za jasho na tezi za mafuta, na damu huipelekea maji. Akishachinjwa, ngozi huoza, au ikikauka huwa ngumu kama ubao. Kuisindika ni kuzifunga zile nyuzi kwa dawa ili zisioze. Watu wa kale walitumia maganda ya miti, na hapa kwetu pwani yalitumika maganda ya mikoko. Kule Njombe mashamba ya miwati yalipandwa kwa ajili ya dawa hiyo, na kiwanda cha kuikamua kipo mpaka leo. Katika viwanda vingi vya dunia hivi sasa hutumika zaidi chumvi za madini ya kromiamu. Tofauti yake mnaweza kuipima kwa maji ya moto: ngozi mbichi hujikunja maji yakifika nyuzi 60 au 65 hivi za sentigredi, lakini iliyosindikwa kwa kromiamu huweza kustahimili mpaka karibu na nyuzi 100.

Baada ya kusindikwa, ngozi hutiwa mafuta maalumu ambayo huingia kati ya nyuzi na kuzifanya ziteleze zinapokunjwa. Hubaki pia na maji yake, kwa kawaida kati ya sehemu 10 na 20 katika kila sehemu 100 za uzito, yakizidi au kupungua kufuata unyevu wa hewa. Mwisho, ngozi ya kiti cha gari hupakwa rangi, na juu ya rangi hupakwa utando mwembamba wa plastiki, aghalabu poliurethani. Utando huo ndio mnaougusa mkisema mnagusa ngozi. Ukikwisha, ngozi hubaki uchi.

Basi tulipopaka dawa ya viatu na mafuta ya taa, tulilainisha utando na rangi iliyo chini yake. Jua likamalizia kazi. Mafuta ya taa yaliporuka hewani yaliacha rangi isiyoshikana tena na ngozi, na kila Mwalimu alipokaa au kuinuka rangi ile ilivunjika. Kiatu hustahimili dawa ile kwa sababu huifuti kwa suruali yako.

Sasa jua lenyewe. Jua huja na silaha mbili, na ni vizuri kuzitofautisha, maana kinga zake si moja.

Silaha ya kwanza ni mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Hii huvunja rangi na utando kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, mpaka kiti kikapauka na kuwa kikavu juu. Kioo cha mbele cha gari kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati, na plastiki hiyo huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Vioo vya pembeni kwa kawaida ni tabaka moja tu. Mwaka 2016 daktari mmoja wa macho huko California, Marekani, alitangaza matokeo ya kupima magari 29 ya watengenezaji 15. Vioo vya mbele vilizuia kwa wastani asilimia 96 ya mionzi aina ya A, lakini vioo vya pembeni vilizuia wastani wa asilimia 71 tu, tena vikitofautiana sana gari hadi gari. Ndiyo sababu hapa kwetu, tunapoendesha upande wa kushoto wa barabara na dereva hukaa kulia, kiti hupasuka kwanza ubavu wa kulia wa dereva: ndipo jua la dirishani linapopiga, na ndipo suruali inaposugua mtu akiingia na kutoka. Na ndugu zetu wenye ualbino walijue jambo hili pia. Kukaa ndani ya basi karibu na dirisha si kukaa kivulini.

Silaha ya pili ni joto. Gari lililofungwa ni nyumba ya kioo: mwanga huingia, hugeuka joto juu ya viti na dashibodi, na hewa iliyopata joto haina pa kutokea. Mwaka 2018 wataalamu wa vyuo vikuu viwili vya Marekani walitangaza vipimo walivyovichukua huko Tempe, Arizona, siku za joto kali. Gari likikaa juani saa moja, hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, viti nyuzi 51, usukani 53, na dashibodi 69. Magari ya namna ile ile yakikaa kivulini, viti vilifika nyuzi 41. Kivuli peke yake kilipunguza nyuzi 10 kwenye kiti, bila dawa yoyote ya duka.

Joto hilo huifukuza ngozi maji yake. Ngozi ikikauka husinyaa, usiku hewa ikipoa hurudisha maji kidogo, ikalegea, kesho tena. Siku zote hizo mtu anaikalia na kuikunja mahali pale pale. Utando wa juu nao umekwisha kukakamaa. Hapo hutokea ufa mdogo kama unywele. Vumbi huingia ndani ya ufa, na vumbi ni mchanga, na mchanga ni msasa. Jasho nalo huleta chumvi. Ufa wa juu ya rangi huwa ufa wa ngozi, na ufa wa ngozi haurudi nyuma.

Hapa naomba niache viti kidogo. Wapo wanaodhani kwamba ukiteremsha kioo vidole viwili gari halitapata joto. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2005 na madaktari wa California vilionyesha kwamba joto la ndani huzidi la nje kwa karibu nyuzi 22 kwa saa moja, sehemu kubwa yake katika nusu saa ya kwanza, na kwamba kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Kiti kikiharibika hushonwa. Mtoto aliyeachwa ndani ya gari, hata kwa dakika chache za kununua sukari, hana fundi wa kumshona. Msimwache.

Nirudi kwenye njia yangu. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, jambo ambalo liliamuliwa tangu mwaka 1973. Ofisi yetu ilihama, na magari yakahama. Kule Dar es Salaam adui wa kiti cha ngozi alikuwa ukungu: gari likifungwa wakati wa masika kiti huota nywele za kijani. Dodoma ni mambo mengine. Mji upo juu ya bara, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na toka Mei mpaka Novemba mvua ni nadra kama pesa za mwisho wa mwezi. Hewa ni kavu, upepo una vumbi, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Viti vilivyovumilia miaka mingi ya Pwani vilianza kulalamika katika miaka miwili.

Tulikuwa na gari moja la mkubwa lenye viti vya ngozi nyeusi. Nyinyi vijana hamkuiona enzi ile, lakini wazee watawaambia kwamba baada ya Uhuru watu wa magari makubwa waliitwa Wabenzi, na jina hilo halikuwa la sifa. Kiti cha ngozi kilikuwa sehemu ya jina hilo. Mkubwa huyu wa kwetu alikipenda kiti chake. Siku moja kiti cha dereva kilipasuka mpaka sifongo ikaonekana, na cha nyuma kikafuata. Ikaundwa kamati ndogo, mimi nikawa katibu wake. Hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa fupi: dereva ni mzembe, akatwe mshahara mpaka gharama ya viti virudishiwe vipya iishe. Mwezi mmoja ulikuwa umekwisha kukatwa hata kabla hatujakaa.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, amebakiza miaka michache kustaafu, na ana watoto sekondari. Nilimwita nje, tukaenda kulitazama gari.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hebu nieleze, gari hili huwa unaliweka wapi?"

"Bosi, mimi naambiwa nikae mlangoni," akasema. "Mwarobaini ule pale unauona. Nikilipeleka kule, mkubwa akitoka asilione gari, naambiwa nimetoroka kazini. Mikutano ni toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi."

"Na banda?"

"Banda lina nafasi nne. Za kwetu hazimo."

Nikamuuliza kwa nini hakufunika viti. Akafungua buti akanitolea kitambaa cha marekani, kimekunjwa vizuri, kimeshonwa pembe kwa mkono. Alikinunua kwa pesa yake. Alikitandika juma moja akaambiwa akiondoe, kwa sababu kinaficha viti na wageni watadhani gari ni la abiria.

Nilikwenda shule moja ya sekondari ya jirani nikaazima kipimajoto cha maabara. Saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, nilikilaza juu ya kiti cheusi cha gari lile pale mlangoni. Kilisoma nyuzi 57. Siku iliyofuata, saa ile ile, tuliliweka gari chini ya mwarobaini na kile kitambaa juu ya kiti. Kilisoma 37. Nikaandika yote mawili.

Nikidhani kazi yangu imekwisha, nikaomba daftari la gari ili nikamilishe taarifa. Humo nikakuta, mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma, mwandiko wa dereva: "Kiti cha dereva kimeanza ufa mdogo ubavu wa kulia. Naomba kivuli au kifuniko." Chini yake palikuwa na neno moja, "Nimeona," na sahihi. Ndugu zangu, sahihi ile ilikuwa yangu.

Nilikaa na daftari lile usiku kucha. Ningeweza kulifunga nikaandika taarifa yangu ya joto tu, na pengine ingetosha. Nikalikumbuka blanketi la Mwalimu. Asubuhi nililipeleka mbele ya kamati, nikalifungua ukurasa ule, nikasema: mtu aliyetoa taarifa huyu hapa, na mtu aliyeipuuza ni mimi. Ikiwa kuna wa kukatwa mshahara, tuanze na mwenye sahihi. Kulikuwa na kimya kirefu. Sitasema kilichofuata kilikuwa chepesi; nilipewa barua ya onyo, nami niliistahili. Lakini makato yalisimamishwa, na fedha ya mwezi ule mmoja dereva alirudishiwa baada ya miezi minne. Mwaka uliofuata tulijenga banda la nguzo za miti na mabati la magari kumi na mawili. Kwa hesabu yangu, banda zima liligharimu pungufu ya viti vya magari mawili.

Sasa niwape yale ya kufanya, maana kila mwaka naona magari mengi zaidi kwenye maegesho ya mkutano huu, na mengi yametumika Japani kabla ya kuja kwetu.

Kwanza, jua kama kiti chako ni ngozi kweli. Magari mengi hutengenezwa hivi: pale pa kukalia ni ngozi, ubavuni na mgongoni ni ngozi ya bandia. Tafuta ukingo chini ya kiti. Ngozi ya kweli kwa ndani ina nyuzi kama suede. Ya bandia ina kitambaa kilichofumwa. Kisha dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana. Likisimama kama shanga, utando bado mzima. Likinywewa na mahali pakawa peusi, ama ngozi ni ya aina isiyopakwa utando, ama utando umekwisha, na huyo anahitaji uangalizi zaidi.

Pili, kivuli kabla ya dawa. Mti ni mzuri, ila chagua usiodondosha utomvu, na uwe tayari kwa ndege. Kama hakuna mti, ligeuze gari ili jua la mchana lipige kisogo cha viti badala ya uso wake. Weka pazia la kung'aa kwenye kioo cha mbele, na usisahau vioo vya pembeni, ambavyo nimekwisha kueleza udhaifu wake.

Tatu, funika kwa kitambaa cha pamba: marekani, kanga iliyochakaa, shuka. Kisiwe cha nailoni, na ile karatasi ya plastiki inayokuja na gari jipya iondoe siku hiyo hiyo. Plastiki hufungia jasho na unyevu, ikapika kiti kama ndizi ndani ya jani.

Nne, vumbi. Kila juma futa kwa kitambaa laini kikavu, na katika mishono tumia brashi laini. Mara moja kwa mwezi pitisha kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye povu kidogo la sabuni isiyo kali, kisha kingine cha maji matupu, kisha kikavu. Sabuni ya unga, dawa ya kuondoa madoa ya nguo, spiriti na petroli visikaribie.

Tano, mafuta. Msipake mafuta ya nazi, ya alizeti, ya kupikia, mafuta ya mgando, wala dawa ya viatu. (Kicheko.) Utando hauruhusu mafuta hayo kuingia, hubaki juu, hushika vumbi, huhamia nguoni, na palipo na ufa huingia chini ya rangi na kuiinua. Zile dawa za kupuliza zinazong'arisha dashibodi nazo zifae dashibodi. Nunua dawa iliyotengenezwa kwa ngozi ya viti vya gari, yenye asili ya maji na isiyo na mafuta mazito. Ijaribu kwanza chini ya kiti. Paka kidogo, gari likiwa kivulini na kiti kimepoa, kisha futa yote inayobaki. Mara mbili kwa mwaka hutosha Pwani. Kwa sisi wa Dodoma, kila baada ya miezi mitatu ya kiangazi.

Sita, ufa. Ukiona ufa mwembamba kama unywele usisubiri. Fundi mzuri atausafisha, ataujaza, ataupaka rangi na utando, na hutatumia pesa nyingi. Ukisubiri mpaka sifongo ionekane, kipande kizima kitakatwa na kushonwa kingine, na rangi haitafanana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwa na magari, lakini walijua.

Nimalizie na Mwalimu. Amestaafu siku nyingi, na afya haikumruhusu kuja leo. Mwaka jana, mimi na mwenzangu yule daktari wa mifugo tulimtembelea nyumbani. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mvua na za watoto, na mwisho nikajikaza nikasema: "Shikamoo tena, Mwalimu. Tuna jambo la kukiri. Ile Peugeot." Akaweka kikombe chini.

"Nilijua Jumapili ile ile," akasema. "Suruali ilinuka mafuta ya taa mpaka kwenye sadaka."

Tukamuuliza mbona hakutuadhibu. Akasema, "Niliwatuma bila kuwaeleza namna ya kufanya. Ningewachapa kwa lipi?"

Tukacheka, nikadhani mambo yamekwisha. Kisha akatuangalia mmoja mmoja kama alivyokuwa akitutazama maabara. "Lakini mngekuja siku ile," akasema, "mkaniambia mmechanganya nini na nini, ningeifuta ile dawa kabla haijala vile viti vingine. Nilingoja. Nilingoja mpaka mkamaliza shule."

Vijana wangu, hayo ndiyo niliyotoka nayo Dodoma kuwaletea. Mtakosea, kama sisi. Mtaharibu kitu cha mtu. Siku hiyo hiyo mwendeeni, mwambieni mlichokichanganya. Nanyi wenzangu wenye sahihi, mkiletewa daftari lenye ufa mdogo, msiandike "Nimeona" mkafunga.

Na wenye magari yaliyo juani, wali bado haujaiva. Mna dakika kumi za kuyahamisha. (Makofi.)